Fundo Kwenye Sanduku la Bibi Khamisa

Bondeni, Nakuru
Jumatatu, 3 Novemba 2025

Yaseen wangu,

Asalaam aleikum, na pole na baridi. Tangu mnara wa simu wa huko Mau Narok uangushwe na upepo naona tumerudi zama za akina babu, mimi na kalamu, wewe na kalamu, na Kimeli na lori lake la ngano katikati kama posta. Amepiga honi nikiwa bado na sabuni mikononi, akasema atasubiri mpaka amalize chai ya Mama. Mama anammiminia polepole kwa makusudi, kwa hivyo nina muda.

Nimeanza kupakia. Usicheke. Najua safari ni ya Desemba, na najua wewe ungetia mashati mawili kwenye mfuko asubuhi ya kuondoka ukasema uko tayari. Lakini mimi tangu nitoke wodini Ramadhani iliyopita nimeishi kwa hii safari. Uliniinamia pale kitandani ukaniambia nikiinuka utanipeleka Unguja, tukalale mchangani kama watalii. Siku hizo homa ilinifanya nisisikie mengi, lakini hilo nililisikia. Sasa nimeinuka na nataka mchanga wangu.

Begi letu kubwa limeharibika zipu, basi Mama amenipa sanduku la kijani la Bibi, lile alilokwenda nalo Hija. Halikuwa limeguswa tangu azikwe. Nilipofungua kifuniko, harufu ya kafuri ikanipanda puani nikapiga chafya. Si unajua Bibi Khamisa na kazi yake. Nusu ya wanawake waliozikwa kutoka mtaa huu walioshwa na mikono yake, na alikuwa akiwaosha huku anaongea nao polepole, kama anaogesha watoto. Sisi wajukuu hakutuacha tusogee karibu na vyombo vyake. Nimelianika sanduku juani siku nzima na harufu imepungua, ila haijaisha.

Mpaka sasa nimeweka leso, gauni la maua, kofia pana ya Sue wa saluni (ni ya kuazima, ikipeperuka baharini utamweleza wewe), losheni ya jua, na zile ndala mpya ambazo unazikataa. Kilichobaki ni kanzu yako. Hii uliyo nayo ni nzito, utapikika ndani yake. Dualeh fundi amekubali kukushonea nyepesi. Yeye hataki vipimo vingi, anasema apewe urefu wa mtu, kisigino hadi utosi, mengine anajua. Futi yangu siioni, lakini kwenye mfuko wa kifuniko cha sanduku nimepata ukanda mrefu wa kitambaa cheupe. Naona Bibi alikuwa akipimia nguo. Nakutumia. Mwambie Kimeli akupime, ufunge fundo pale utosini, urudishe. Kuna fundo moja tayari, liache tu, sijui ni la nani.

Na usisimame kwa ncha za vidole. Mke amekuzidi urefu, kubali yaishe.

Wako,
Najwa


Mau Narok
Alhamisi, 6 Novemba 2025

Twiga wangu,

Niaje huko kwenye joto. Barua yako imefika ikinuka kafuri, vijana hapa wakaniuliza kama nimeletewa habari ya msiba. Tuko salama. Ngano ina umande mpaka jua lipande sana, kwa hivyo asubuhi tunakaa tunaota moto, halafu tunakimbizana na kombaini ya kuvunia mpaka giza. Uso wangu umekuwa wa vumbi. Jepkemei wa jikoni ananipikia chapati nikimwambia nina mke mkali.

Kuhusu kipimo, nimepimwa mbele ya kila mtu nikiwa na ovaroli na gambuti, maana huku ukivua viatu vidole vinakatika kwa baridi. Nikakanyaga ncha ya ukanda, Kimeli akauvuta mgongoni hadi utosini. Nikamwambia afunge fundo basi. Akasema hakuna haja. Lile fundo lililokuwepo limekaa juu ya utosi wangu sawasawa, halipungui wala halizidi. Akaniuliza bibi yako alinipima lini.

Nilicheka pale, Najwa. Baadaye nikiwa nimelala nikaanza kujiuliza mimi mwenyewe. Bibi hakuwahi kunipima. Labda ulinipima wewe nikiwa usingizini, ukaamua kunifanyia mzaha. Kama ni hivyo niambie, sitakasirika.

Ukanda ndio huo narudisha. Dualeh ashone kwa hilo fundo. Na uniwekee kaptula ya buluu, nataka kuonekana mtalii.

Wako,
Yaseen


Bondeni
Jumatatu, 10 Novemba 2025

Yaseen,

Sikukupima. Naapa sikukupima.

Nilimpelekea Dualeh ukanda Ijumaa baada ya swala. Aliunyooshea mkono akicheka, akauleta karibu na uso, na kicheko kikamwisha. Aliuweka pembeni ya mashine, si juu ya meza anapokatia nguo, akaniuliza huu ni wa nyumba gani. Nilipomtaja Bibi akasema hashoni kitu kwa kipimo hicho, niende kwa Mama Mujahid nikaulize ninachokibeba. Watu walikuwa kwenye foleni na mimi nilitamani ardhi inimeze.

Mama Mujahid ndiye aliyekuwa akimmiminia Bibi maji miaka yote waliyoosha pamoja. Nilimkuta anachambua mboga. Hakutaka kuushika mpaka alipokwenda kutawadha. Halafu akanieleza, na mimi nakuelezea wewe kama alivyosema. Ule ukanda ni wa kupimia maiti. Mtu akifa, wanampima kisigino hadi utosi na kufunga fundo, na kwa hilo fundo wanachana kitambaa cha sanda kwa mkono, bila mkasi. Akishazikwa, aliyefunga ndiye anayefungua, akifungua ndio kazi imekwisha. Ukanda haulali na fundo. Bibi hakuwahi kulaza fundo, wala hakupima mtu aliye hai.

Nikamwambia basi lifungue, si ulikuwa ukiosha naye. Akasema aliyefunga akifa mwenzake anaweza kufungua, lakini hawezi kufungua fundo la mtu asiyemjua na ambaye hajazikwa. Nikamwambia kwamba limekufaa wewe, mume wangu. Akashangaa. Akasema huu ni ukanda wa wanawake tu, wanaume wana waoshaji wao na ukanda wao, na Khamisa hakumpima mwanamume maisha yake yote. Akanirudishia ukanda, akarudi kwenye mboga zake.

Yaseen, mimi ndiye niliyekutumia kitu cha maiti kwa mkono wangu, nikakwambia usimame wima upimwe. Mtu gani anamfanyia mumewe hivyo. Usipande juu ya kombaini. Waambie unaumwa mgongo. Ukanda nakurudishia, naomba ujipime tena vizuri, inshallah Kimeli alikosea. Sijamwambia Kimeli. Amekaa hapo nje anakula andazi na furaha zake, nimeshindwa kuanza.

Wako,
Najwa


Mau Narok
Alhamisi, 13 Novemba 2025

Twiga,

Kaa chini kwanza, nina habari nzuri. Lakini nianze na mbaya.

Jumapili, kabla barua yako haijafika, nilikuwa napanda ngazi ya kombaini na chuma kilikuwa na umande. Mguu ukateleza. Nikabaki nimening'inia kwa mkono mmoja, na meno ya mashine yanazunguka pale chini. Kimeli ndiye aliyeizima. Nilijiambia ni ajali za kazi. Jumatatu nikasoma barua yako, na sikula wala sikuongea na mtu. Nilitaka kukuandikia usia, wallahi, nikaona nitakuua kwa hofu.

Basi jana nikamwambia Kimeli kila kitu. Alitaka kulikata fundo kwa kisu, nikamkataza. Akasema sawa, tukupime kama maiti anavyopimwa basi. Maiti hazikwi na gambuti. Nikavua viatu, nikavua na soksi, nikasimama kwenye gunia miguu ikiniganda. Najwa, fundo lilipita juu ya kichwa changu. Kati ya utosi na fundo Kimeli aliingiza vidole vyake viwili vikiwa vimelala. Kilichonifikisha pale mara ya kwanza ni soli za gambuti. Bila hizo mimi ni yule mfupi unayemcheka kila Idi tukipiga picha.

Si langu. Halijawahi kuwa langu. Na Mama Mujahid mwenyewe alikwambia haupimi wanaume, mbona hatukusikia? Nimelala kama mtoto, na leo nimekula chapati za Jepkemei mpaka akalalamika. Ukanda huo unarudi. Mpelekee Mama Mujahid, atajua mwenyewe. Ni mama fulani mrefu wa zamani ambaye Bibi alimsahau kwa uzee, ndiyo basi.

Endelea kupakia. Umeweka kaptula?

Wako mzima kabisa,
Yaseen


Bondeni
Jumatatu, 17 Novemba 2025

Yaseen wangu,

Alhamdulillahi. Nimesoma barua yako mara nyingi na Mama amenisikia nikilia akadhani ni mabaya. Nimefurahi, usione nimeandika kidogo. Nina mafua, homa ndogo ndogo inanirudia jioni. Ni haya mabadiliko ya hewa.

Kaptula nimeiweka. Nimeweka pia miwani yako ya jua na ile redio ndogo. Sanduku limejaa nusu. Kuna kitu kinanisumbua tu: kila nikikunja nguo zangu nikaziweka upande wa kushoto, asubuhi naona zimekaa chini kabisa na zimekunjwa ncha kwa ndani, vile Bibi alivyokuwa akikunja. Mama anasema si yeye. Labda ni mimi nafanya nikiwa na homa.

Nimemuuliza Mama juu ya mazishi ya Bibi, maana mimi nilikuwa bado wodini na sikumuona. Alikuwa anapepeta mchele akaacha. Akaniambia sanda ya Bibi haikununuliwa siku ile. Waliikuta ndani ya hili sanduku la kijani, imeshachanwa tayari, vipande vitano vya mwanamke, imefukizwa udi. Wakasema Khamisa alijiandalia mwenyewe, hakutaka kusumbua watu. Lakini walipomvisha ilimzidi. Unamkumbuka Bibi, tukisimama pamoja kichwa chake kilinifika begani. Iliwabidi waikunje chini ya miguu, mkunjo mkubwa. Mama anasema walidhani macho yake yalikuwa yamechoka, akachana vibaya. Mtu aliyechana sanda miaka yote.

Nina swali, unijibu kweli. Zile siku nilipozidiwa, kuna wakati Bibi alibaki na mimi peke yake?

Ukanda upo. Sijampelekea Mama Mujahid bado.

Najwa


Mau Narok
Alhamisi, 20 Novemba 2025, asubuhi

Najwa,

Umejipima. Hujaandika, lakini najua umejipima, na najua fundo lilikaa wapi. Nimekuwa nikicheka urefu wako tangu tuoane, na nilipoona fundo limenipita kichwani nikafurahi, nikala, nikalala. Sikufikiria hata kidogo. Mungu anisamehe.

Ndiyo, alibaki na wewe. Daktari alikuwa ametuita nje akatuambia tuwaarifu jamaa, usiku huo huenda usiuvuke. Mama alianguka pale kwenye korido. Bibi hakulia. Alinituma nikatafute maji, na niliporudi nilikuta shuka lako limenyooshwa mpaka miguuni na mikono yako imelazwa vizuri, na Bibi anazungushia kitu cheupe kwenye vidole vyake, na kitambaa kilichochanwa kimekunjwa mkobani mwake. Akaniambia, "Nimeshampima. Nguo yake nimeichana tayari." Nilitaka kumsukuma nje, Najwa, bibi mzima wa umri ule. Nilimwambia hujafa. Nilipaza sauti mpaka nesi akaja.

Hakunijibu kwa hasira. Alikaa kitini akakuangalia kwa muda mrefu, halafu akasema, kama anayeongea na wewe wala si mimi, "Nguo ikishachanwa lazima iende na mtu." Akanifukuza nikalale kwenye benchi. Alfajiri ukafungua macho ukaomba chai. Sote tukakukimbilia. Yeye alichukua mkoba wake akaenda nyumbani kwa miguu, na Mama anasema aliingia chumbani akafunga sanduku, akakataa futari. Ijumaa ndio tukamzika.

Sikukueleza. Ulikuwa umetoka kwenye mdomo wa kaburi na umempoteza bibi yako, ningekwambiaje kwamba alikuandalia sanda? Nilidhani ni akili ya uzee. Sasa naelewa kwa nini ilimzidi.

Naomba hii safari tuiache. Bahari haiendi popote. Toa nguo zako kwenye hilo sanduku leo, lala kitanda kimoja na Mama, na hiyo homa ikipanda uende hospitali usinisubiri. Ningeshuka sasa hivi, lakini Kimeli amewabeba Jepkemei aliyeungua mguu na mama yake, nafasi hakuna, na mdosi mwenye shamba ameahidi kunitoa kesho na gari lake. Kesho nashuka, hata kama ni kwa miguu.

Usiliguse fundo.

Yaseen


Bondeni
Alhamisi, 20 Novemba 2025, alasiri

Yaseen wangu,

Kimeli anarudi huko jioni hii, na nataka usome hii kabla hujaanza kuteremka, usije ukamkimbiza mdosi wa watu kwenye zile kona kwa ajili ya hofu.

Ndiyo, nilijipima, siku ile ile ukanda uliporudi. Mama alikuwa sokoni. Nilikanyaga ncha, nikauvuta kwa mgongo mpaka juu, miguu mitupu. Ulipofika utosini fundo lilikuwa hapo linanisubiri. Sikupiga kelele. Nilikaa kitandani karibu na sanduku nikiangalia gauni la maua, nikajiambia basi, hili ndilo nililokuwa nikipakia. Homa ilianza jioni hiyo. Sikukwambia kwa sababu ulikuwa umeandika kwamba umelala kama mtoto. Nilitaka mmoja wetu alale.

Barua yako ya leo nimeisoma kwa sauti mbele ya Mama na Mama Mujahid. Mama alitoka nje. Mama Mujahid akaniambia nilete ukanda. Nilikuwa nimeufungia sandukuni tangu Jumatatu, ufunguo nimeuvaa shingoni, hakuna aliyeugusa. Akanisimamisha dirishani akanipima yeye mwenyewe.

Fundo halikufika utosini. Lilikuwa kwenye bega langu, Yaseen. Akapima tena akianza upya, likakaa begani, pale pale Bibi alipokuwa akifika, kana kwamba lilikuwa likingoja tu barua yako isomwe. Mama Mujahid akalileta fundo karibu na macho. Akasema, "Huyu namjua. Huyu nilimuosha." Akatawadha tena, akamsomea Bibi, akalishika kwa kucha. Lile fundo ambalo Kimeli alitaka kulikata kwa kisu lilifunguka kama la kamba ya kiatu. Harufu ya kafuri ikajaa chumba chote, halafu ikaondoka, na haijarudi. Nimeingiza kichwa kizima ndani ya sanduku kuitafuta. Linanuka losheni ya jua tu.

Nisikudanganye kwamba siogopi. Pale juu, kwenye urefu wangu, ukanda umebaki na mkunjo. Nimeupiga pasi ya moto na maji, haukutoka. Mama Mujahid ameuangalia akasema huo uache, kila mtu ana wake, akaondoka na ukanda kwake. Lakini homa imeisha. Nimekula ugali na sukuma sahani nzima na Mama amekaa mlangoni ananiangalia nikitafuna kama ninafanya mazingaombwe.

Safari hatuiachi. Nimefikiria sana juu ya Bibi akirudi nyumbani kwa miguu alfajiri ile, amefunga, anajua amebeba nini. Alijua itamzidi. Alijua watamkunjia miguuni na watasema macho yamemchoka, yeye aliyekuwa akijivunia kuchana sawa. Akakubali kwenda na nguo isiyomtosha. Sitakaa hapa nimefunga dirisha nikiogopa maji baada ya hayo.

Kwa hivyo teremka polepole, ukae mbele na ufunge mkanda. Kanzu yako Dualeh ameanza, nimempelekea ile ya zamani aipimie. Na ukiona jina la Bibi limekupitia kichwani njiani, mwombee.

Nguo yangu ya safari ile Bibi ameshaivaa. Iliyobaki ni ya kwenda Unguja, na naikunja sasa hivi, kwa mikono yangu mwenyewe.

Wako,
Najwa